Onyo na Haki: Mtuhumiwa, Polisi na Wakili Katika Historia ya Sheria

Katika sheria za nchi nyingi mtu aliyekamatwa kwa kutuhumiwa kosa ana haki ya kuwasiliana na wakili kabla ya kuhojiwa na polisi, au wakati anapohojiwa. Kwa kuwa haki hiyo imezoeleka, hudhaniwa kuwa ni ya kale sawa na mahakama zenyewe. Ukweli ni kwamba ni changa mno. Hata katika Uingereza, ambako sheria za Afrika Mashariki zilichota mengi, mtu aliyeshitakiwa kwa kosa kubwa hakuruhusiwa kuwa na wakili wa kumtetea kikamilifu mbele ya mahakama mpaka mwaka 1836. Ikiwa mambo yalikuwa hivyo mbele ya jaji, hadharani, si ajabu kwamba ndani ya kituo cha polisi wakili hakutajwa kabisa.

Historia ya jambo hili ni historia ya njia mbili. Njia ya kwanza ni ya kulipima neno baada ya kusemwa: mtuhumiwa huungama, kisha mahakama huchunguza kama aliungama kwa hiari yake. Njia ya pili ni ya kumlinda msemaji kabla hajafungua kinywa: huambiwa kwamba halazimiki kujibu, na huwekewa mtu wa kumshauri. Afrika Mashariki ilirithi njia ya kwanza kutoka Bara Hindi na mwanzo wa njia ya pili kutoka Uingereza. Ilichukua muda mrefu mpaka ikatambulikana kwamba ya kwanza peke yake haitoshi.

Yafaa kwanza kuyaangalia maneno yenyewe. Neno wakili limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili haihusu mahakama peke yake. Wakili ni mtu aliyekabidhiwa jambo na mwenziwe ili alitende kwa niaba yake, ikiwa ni biashara, usimamizi wa mali au ndoa. Tangu zamani watu wa pwani waliwajua mawakili wa namna hiyo. Walijua vilevile kanuni ya sheria ya Kiislamu kuhusu ikrari, yaani mtu kukiri jambo dhidi ya nafsi yake. Kwa mafakihi wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi katika pwani hii, ikrari ya mtu aliyelazimishwa kwa kipigo au vitisho haina nguvu. Basi wazo la kwamba neno lililotolewa kwa nguvu si neno halikuletwa na wakoloni. Lililokuwa geni ni polisi wa serikali, mwenye daftari na chumba chake, ambaye kazi yake ni kuuliza.

Kanuni iliyotawala maungamo katika Afrika Mashariki kwa miaka mingi ilizaliwa Bara Hindi. Mwaka 1855 tume iliyowekwa katika jimbo la Madras ilitoa taarifa juu ya mateso yaliyokuwa yakifanywa na watumishi wa serikali, wakiwemo polisi, kwa ajili ya kukusanya kodi na kupata maungamo. Mwaka 1861 sheria ya mwenendo wa kesi za jinai ikaweka masharti makali, na mwaka 1872 masharti hayo yakaingizwa katika Sheria ya Ushahidi iliyotungwa na James Fitzjames Stephen. Kifungu cha 25 kilisema kwamba ungamo lolote lililofanywa mbele ya afisa wa polisi halitathibitishwa dhidi ya mshitakiwa. Kifungu cha 26 kiliongeza kwamba ungamo la mtu aliye mikononi mwa polisi halifai, ila likifanywa mbele ya hakimu. Kifungu cha 27 kiliacha mwanya: ikiwa maneno ya mtuhumiwa yamesababisha kitu kuvumbuliwa, kwa mfano silaha au mali iliyoibwa, sehemu ya maneno hayo inayohusu uvumbuzi huo yaweza kutolewa mahakamani.

Ni vema kuifahamu hekima ya kanuni hiyo. Sheria haikuuliza kama mtuhumiwa huyu au yule alipigwa. Ilijua kwamba swali hilo ni gumu kujibiwa, kwa kuwa walioshuhudia ni wawili tu, polisi na mtuhumiwa, na kila mmoja ana sababu ya kusema lake. Kwa hiyo ilifunga mlango wote. Polisi aliyejua kwamba ungamo halitamfaa kitu mahakamani hakuwa na sababu kubwa ya kulitafuta kwa fimbo. Hata hivyo mwanya wa kifungu cha 27 ulibaki, na humo polisi asiyejali aliweza kupita.

Sheria ya mwaka 1872 ilivuka bahari pamoja na utawala wa Waingereza. Ilitumika Kenya tangu mwisho wa karne ya 19, na Tanganyika tangu mwaka 1920. Uganda na Zanzibar zilikuwa na sheria zao zilizofuata mfano uleule. Kadiri miaka ilivyopita ukali wake ulipungua. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1963 mahali pa ile ya Bara Hindi, ilikubali maungamo yaliyofanywa mbele ya polisi mwenye cheo kilichotajwa, kana kwamba cheo kingetosha kuwa dhamana ya ukweli.

Wakati huohuo mkondo wa pili ulikuwa ukitoka Uingereza. Mwaka 1906 Mkuu wa Polisi wa mji wa Birmingham alimwandikia Jaji Mkuu wa Uingereza kuomba mwongozo, maana askari wake walikuwa wamepatwa na jambo la kutatanisha: jaji mmoja alimlaumu askari kwa kumtahadharisha mtuhumiwa kwamba maneno yake yangetumiwa dhidi yake, na jaji mwingine akamlaumu askari kwa kutomtahadharisha. Kutokana na mkanganyiko huo majaji walitoa kanuni nne mwaka 1912, wakaongeza tano mwaka 1918. Zikajulikana kama Kanuni za Majaji. Zilimtaka askari, akiisha kuazimia kumshitaki mtu, amwambie kwanza kwamba halazimiki kusema neno, na kwamba atakalolisema litaandikwa na laweza kutolewa kuwa ushahidi. Hazikuwa sheria bali mwongozo, na jaji aliweza kulikataa ungamo lililopatikana kwa kuzivunja, au kulikubali. Zilipoandikwa upya mwaka 1964, utangulizi wake ulitamka kwamba mtu yeyote, katika hatua yoyote ya upelelezi, aweza kuzungumza faraghani na wakili, maadamu jambo hilo halicheleweshi wala kuzuia upelelezi bila ya sababu ya haki. Lakini kanuni hazikumlazimu polisi amngoje wakili huyo.

Njia zote mbili zilikuwa na udhaifu mmoja: kosa la polisi lilichunguzwa baada ya kutendeka. Mshitakiwa alipokana ungamo lake mahakamani, jaji alilazimika kuisimamisha kesi yenyewe na kuendesha kesi ndogo ndani yake ili ajue kama ungamo lilitolewa kwa hiari. Polisi aliapa kwamba mtu yule alizungumza kwa utulivu, akasomewa maneno yake, akatia dole gumba. Mshitakiwa aliapa kwamba alinyimwa chakula, au alitishwa, au aliahidiwa kuachiliwa. Shahidi wa tatu hakuwepo. Mwaka 1967 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika kesi ya Tuwamoi iliyotoka Uganda, ilitamka kwamba ungamo lililokanwa lipokewe kwa tahadhari, na kabla ya kulitegemea mahakama iridhike kwamba, ukizingatiwa ushahidi wote, ungamo lile lazima liwe kweli. Kanuni hiyo ni ya busara, lakini yafanana na mtu anayepima maji yaliyokwisha kumwagika, na Waswahili husema hayazoleki.

Katika Afrika Mashariki kulikuwa na shida nyingine ambayo wanasheria hawakuitilia maanani vya kutosha: shida ya lugha. Mtuhumiwa aliweza kuzungumza Kisukuma au Kikamba, askari akamwuliza kwa Kiswahili, maneno yakaandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na mahakama kuu ikasoma tafsiri ya Kiingereza. Katika kila kivuko neno laweza kubadilika. Mtu asemaye nilimpiga, kwa maana ya pigo moja la kujikinga, aweza kuonekana katika tafsiri kuwa amekiri kupiga mpaka kuua. Wakili aliyekuja baadaye alikutana na karatasi, wala hakukutana na mazungumzo.

Mageuzi makubwa ya fikra yalitokea Marekani. Huko nako mahakama zilianza kwa njia ya kwanza. Mwaka 1936, katika kesi ya Brown dhidi ya jimbo la Mississippi, Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilitengua hukumu za kifo za watu weusi watatu ambao maungamo yao yalipatikana kwa kuchapwa mijeledi. Mwaka 1963, katika kesi ya Gideon, ikaamuliwa kwamba mshitakiwa maskini katika kosa kubwa lazima apewe wakili mahakamani kwa gharama ya serikali. Uamuzi huo ulizaa swali ambalo halikukwepeka. Wakili wa mahakamani atafaa nini, ikiwa kesi imekwisha kuamuliwa katika chumba cha polisi siku nyingi kabla? Mwaka 1964, katika kesi ya Escobedo, mtuhumiwa alikuwa ameomba kumwona wakili wake, na wakili huyo alikuwa amefika kituoni Chicago akizuiwa kuingia. Kwa kura tano dhidi ya nne majaji walilikataa ungamo lile.

Tarehe 13 Juni 1966 ikatolewa hukumu ya Miranda dhidi ya jimbo la Arizona, iliyojumlisha kesi nne. Mshitakiwa alikamatwa Phoenix mwezi wa Machi 1963, akahojiwa kwa muda wa saa mbili hivi, akatia sahihi ungamo. Hakupigwa, wala hakuambiwa kwamba aweza kuwa na wakili. Jaji Mkuu Earl Warren, akiandika kwa niaba ya majaji watano dhidi ya wanne, hakutafuta alama za fimbo. Alieleza kwamba kumtenga mtu na watu wake, katika chumba cha polisi, chini ya maswali yaliyopangwa ili kumvunja moyo, ni shurutisho kwa lenyewe. Kwa hiyo kabla ya kuhojiwa mtuhumiwa lazima aambiwe mambo manne: kwamba aweza kunyamaza, kwamba alisemalo laweza kutumiwa dhidi yake, kwamba ana haki ya kuwa na wakili wakati wa kuhojiwa, na kwamba kama hana uwezo atapewa wakili. Akimtaka wakili, maswali yakome mpaka wakili awepo.

Katika hukumu hiyo mna jambo ambalo wasomaji wa Afrika Mashariki hawana budi kulizingatia. Wapinzani walisema kwamba polisi wakifungwa mikono kiasi hicho wahalifu watashinda. Warren aliwajibu kwa kutaja mifano ya nchi nyingine: Kanuni za Majaji za Uingereza za tangu mwaka 1912, na sheria ya Bara Hindi iliyokataa tangu mwaka 1872 maungamo yaliyofanywa kwa polisi pasipo hakimu, pamoja na sheria ya Ceylon ya mwaka 1895 iliyofanana nayo. Basi sheria ileile iliyovuka bahari kuja Mombasa na Dar es Salaam ilitumika Washington kuwa ushahidi kwamba nchi yaweza kutawalika bila ya polisi kutegemea maungamo. Jambo la kusikitisha ni kwamba hayo yalisemwa wakati sheria hiyo ilipokuwa ikilegezwa katika baadhi ya nchi zilizoirithi.

Hukumu ya Miranda haikumaliza ubishi. Mwaka 1994 mahakama ileile ilisema kwamba mtuhumiwa anayemtaka wakili lazima aseme waziwazi, si kwa kusitasita. Mwaka 2000 ilikataa kuitengua hukumu hiyo, lakini mwaka 2010 iliamua kwamba hata anayetaka kunyamaza lazima atamke kwamba anataka kunyamaza. Maamuzi hayo humfaa mtu mwenye elimu na ujasiri wa kuzungumza na wakubwa. Mtu mnyonge, ambaye amefunzwa tangu utotoni kuwajibu wenye mamlaka kwa adabu na kwa mzunguko, hupotewa na haki yake kwa sababu ya namna ya kusema.

Uingereza nayo ilijifunza kwa msiba. Mwaka 1972 vijana watatu wa London waliungama mbele ya polisi katika kesi ya mauaji, wakahukumiwa. Mwaka 1975 hukumu zikatenguliwa, ikawa dhahiri kwamba maungamo yale hayakuweza kutegemewa. Uchunguzi uliofuata, na Tume ya Kifalme iliyotoa taarifa yake mwaka 1981, ulizaa Sheria ya Polisi na Ushahidi wa Jinai ya mwaka 1984. Sheria hiyo iliweka Kanuni za Majaji kando, ikampa kila aliyezuiliwa kituoni haki ya kuzungumza faraghani na wakili wakati wowote, ijapokuwa katika makosa makubwa haki hiyo yaweza kucheleweshwa kwa muda uliowekwa. Mwaka 2008 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, katika kesi ya Salduz dhidi ya Uturuki, ilitamka kwamba kwa kawaida wakili awepo tangu mahojiano ya kwanza ya polisi. Uskoti ililazimika kubadili desturi yake mwaka 2010, na Ufaransa ikatunga sheria mpya mwaka 2011.

Katika Tanzania safari ilikuwa na mipindo yake. Sheria ya Ushahidi ilitungwa mwaka 1967, na baada ya marekebisho ya mwaka 1980 ungamo lililofanywa kwa hiari mbele ya afisa wa polisi likaweza kupokelewa mahakamani. Mlango uliofungwa na Stephen ukafunguliwa. Ndipo ilipotungwa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, ambayo yaweza kusomwa kuwa ni fidia ya ufunguzi huo. Kifungu chake cha 53, kama kilivyotungwa, kilimkataza polisi kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi kabla ya kumtajia jina na cheo chake, kumweleza kosa analotuhumiwa, na kumjulisha, kwa lugha anayoimudu mtu yule, kwamba halazimiki kujibu maswali isipokuwa yale ya jina na anwani, na kwamba aweza kuwasiliana na wakili, jamaa au rafiki. Muda wa kuhoji nao uliwekewa kikomo cha saa nne, uwezao kuongezwa kwa utaratibu maalumu.

Maneno haya matatu, wakili, jamaa au rafiki, yana maana kubwa. Yaonekana mtunga sheria alitambua kwamba katika wilaya nyingi wakili hakuwepo, na kwamba ndugu aliyeketi karibu aweza kuwa shahidi wa tatu aliyekosekana siku zote. Hata hivyo sheria haikumpa polisi wajibu wa kumtafutia mtuhumiwa wakili; ilimtaka amwezeshe kuwasiliana naye akiomba, na ikamruhusu kukataa iwapo kuna sababu za kuamini kwamba mawasiliano hayo yatamsaidia mshirika kutoroka au yatapoteza ushahidi. Sheria ya msaada wa kisheria katika kesi za jinai ya mwaka 1969 ilihusu mahakama, wala si kituo cha polisi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ilipanua uwanja huo kwa kuwatambua pia wasaidizi wa kisheria.

Kenya ilikwenda kwa mwendo wa ghafla. Mwaka 2003 ilirudi kwenye ukali unaozidi hata ule wa mwaka 1872: ungamo halikubaliki ila likifanywa mahakamani. Polisi walilalamika, na mwaka 2007 sheria ikarekebishwa ili kuruhusu ungamo mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi mwenye cheo ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, pamoja na mtu wa tatu aliyechaguliwa na mtuhumiwa mwenyewe. Kanuni za mwaka 2009 zikamtaka anayeandika ungamo amwachie mtuhumiwa kuchagua lugha, ampatie mkalimani bila ya malipo ikiwa hajui Kiswahili wala Kiingereza, na amjulishe haki yake ya kuwa na wakili. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 49, ikayapandisha mambo hayo kuwa haki za kikatiba: kuelezwa kwa lugha anayoifahamu sababu ya kukamatwa, haki ya kunyamaza na matokeo ya kutonyamaza, na kuwasiliana na wakili.

Historia hii yote yarejea kwenye lugha, maana haki ya mtuhumiwa ni haki inayotolewa kwa kusemwa. Asipoambiwa hanayo, akiambiwa kwa maneno asiyoyaelewa ni kama hakuambiwa. Katika Kiswahili cha mahakama, taarifa anayopewa mtuhumiwa huitwa onyo, na maandishi yanayofuata huitwa maelezo ya onyo. Kwa asili yake neno hilo ni zuri. Kuonya kumetokana na kuona, kama kuponya kulivyotokana na kupona. Kuonya ni kumfanya mtu aone. Lakini katika matumizi ya kila siku onyo ni karipio la mwenye nguvu kwa mkosaji. Mwanafunzi mtundu hupewa onyo, mtumishi mzembe hupewa onyo kali, na baada ya onyo hufuata adhabu. Mtu aliyekamatwa usiku, akisikia afisa akimwambia kwamba anamwonya, aghalabu husikia kitisho: sema, ama utaona. Neno lililokusudiwa kumfungulia mlango humsukumia ndani.

Tangu mwaka 2021 sheria ya Tanzania imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na kazi ya kuzitafsiri sheria imekuwa wajibu wa taifa. Fomu anayosomewa mtuhumiwa ni karatasi fupi, nayo yaweza kuamua uhai wa mtu. Yafaa isemwe humo, kwa maneno ya kawaida, kwamba una haki ya kunyamaza, una haki ya kumwita wakili, ndugu au rafiki, na hutaadhibiwa kwa kuzitumia haki hizo. Wengine watapendelea kulihifadhi neno onyo kwa sababu limezoeleka katika hukumu. Hao nao wana hoja, maana istilahi ikibadilishwa ovyo huzaa ubishi mpya mahakamani. Likibaki, basi lifuatwe na maelezo yanayolirudisha kwenye asili yake.

Wala haki hii haimfai mtuhumiwa peke yake. Aliyeibiwa au kufiwa hupata hasara mara mbili pale ungamo la kweli linapotupwa kwa sababu polisi alilichukua kinyume cha taratibu, na mkosaji akaondoka huru. Ungamo lililotolewa mbele ya wakili, au mbele ya ndugu aliyesikia lugha ile ile iliyosemwa, ni vigumu kulikana. Watunga sheria wa mwaka 1872 walishindwa kumwamini polisi, wakalikataa neno lote. Waliowafuata walitaka neno hilo lipokewe tena, na hao ndio wanaodaiwa shahidi wa tatu.